SmugMug: albamu ya kupamba yenye kufuli

Napiga picha za harusi Mombasa, na usiku wa kupamba ndio unaonipa wasiwasi kuliko yote. Kina mama wamevua mabuibui, nywele ziko wazi. Picha moja ikivuja, mtaani hakuna atakayeniita tena. Ndiyo maana nimebaki SmugMug, tovuti ya kulipia ya kuhifadhi na kuuza picha. Kila albamu naipa nenosiri lake, naificha isitokee mtu anapotafuta, kisha mama wa bibi harusi namtumia kiungo kwa WhatsApp. Jina langu linabaki limepigwa juu ya kila picha mpaka inunuliwe. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, dada yangu wa Maskati kanunua zake mwenyewe, wala hakunisumbua." Nilifurahi siku nzima.

Bei naipanga mimi, na katika faida asilimia 85 ni yangu. Picha zinapanda moja kwa moja kutoka Lightroom, programu ninayohariria picha. Za kuchapisha siuzi huko, maana maabara zao ziko mbali nasi. Nauza za kupakua tu, na za ukutani nachapishia hapa mjini.

Akaunti ya bure hakuna, ila unajaribu siku 14. Flickr, tovuti nyingine ya picha ambayo SmugMug waliinunua 2018, ina ya bure, lakini mwisho ni picha 1,000. Tena kati ya hizo, zisizo za hadharani hazizidi 50. Kupamba kumoja mimi narudi na 400.