Sensa za kupaki zinapiga mlio mrefu? Usinunue seti nzima kabla hujazisikiliza

Haya wadau habari zenu, karibuni tena. Hapa mezani nina sensa za kupaki, vile vidude vya kwenye bampa vinavyokulilia ukikaribia kitu, zile za kopi, hazina jina la kampuni, zinauzwa nne kwenye pakiti moja. Nilizinunua baada ya gari yangu, ambayo ni ya zamani kidogo, kuanza ule mlio. Ukiingiza rivasi badala ya kale kabipu kafupi unapata biiiiip refu kama sekunde tatu hivi halafu kimya, na baada ya hapo hata ukuta ukiwa umeshakugusa mgongoni haikuambii kitu. Nimezitumia miezi minne sasa, nitakwambia zikoje, lakini kuna kitu kinaniuma lazima nianze nacho. Nilihitaji sensa moja tu. Nimenunua nne.

Ilikuwa hivi, fundi aliniambia sensa zote zimekufa badilisha seti, nikabadilisha, nawasha, naingiza rivasi, biiiiip, mlio uleule. Sensa mpya kabisa. Hapo ndo nikaamua kushusha bampa mwenyewe.

Sasa sikiliza hii sensa inafanyaje kazi, maana ukielewa hapa huibiwi tena. Ndani kuna kisahani kidogo cha seramiki kimegandishwa nyuma ya huu uso wa alumini, umeme ukipita kinatetemeka, kinatoa sauti ya kama kilohezi 40, na sikio la binadamu linaishia kwenye 20 kwa hiyo hiyo sauti yenyewe huisikii. Inaenda inagonga kitu inarudi, na kiboksi cha kompyuta kinachoziongoza sensa kinahesabu muda. Ukuta ukiwa mita moja nyuma yako mwangwi unarudi ndani ya milisekunde kama 6 tu. Na gari nyingi kiboksi kikiona sensa moja haijibu kinazima zote za upande ule, na mimi nakubaliana nacho kabisa, maana ukiachiwa tatu utaziamini kama nne halafu mtoto yuko pale kwenye ile kona isiyoona.

Kwa hiyo nne kunyamaza sio kwamba nne zimekufa. Hiyo ndo fundi wangu hakuisema.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Weka kigingi kwenye matairi, vuta hendibreki, swichi on lakini injini usiwashe, ingiza rivasi. Shuka nenda nyuma, weka kidole juu ya sensa, taratibu, usikandamize. Nzima inagonga, tk tk tk tk, unaihisi kama mapigo ya moyo ya ndege, na kukiwa kimya ukisogeza sikio unaisikia kabisa. Kama huhisi chukua bisibisi ndefu, ncha iguse sensa, mpini uweke sikioni. Isiyogonga ndo ya kushughulika nayo. Tena fanya haraka, kuna gari zikishaona kosa zinakata umeme wa sensa zote, hapo inabidi utoe gia uingize tena.

Yangu iliyokuwa kimya ni ya pembeni kulia. Nikaibadilishana na ya jirani yake, na hapa ndo pa kuangalia sana: tatizo likihama na sensa basi sensa mbovu, likibaki palepale basi ni waya au soketi. Likabaki palepale. Kufungua soketi nakuta ile kutu ya kijani kwenye pini, na waya mmoja umekatikia ndani ya ganda lake pale unapojikunja kwenye ukingo wa bampa, kwa nje mzima kabisa, ukiuvuta ndo unanyooka kama mpira. Nimeukata, nimeuchomelea kwa risasi, nikauvalisha ule mpira unaobana kwa moto, nikasugua pini nikapaka grisi ya soketi. Kama una mita ya umeme, nyingi zina pini tatu, umeme, athi (waya wa ardhi) na ya mawasiliano, kati ya umeme na athi kwenye gari nyingi utaona volti 8 hadi 12 rivasi ikiwa imeingia. Hakuna kitu hapo? Acha sensa, fuata waya.

Halafu nikarudisha zile za zamani kwa ajili ya kujua tu. Tatu zikagonga! Moja ndo kweli imekufa, alumini imevimba kutu chini ya rangi. Yaani nilikuwa na matatizo mawili kwa pamoja, ndo maana kubadilisha sensa peke yake hakukusaidia.

Turudi kwa hizi kopi. Soketi inaingia vizuri, sina neno. Lakini pete yake ya plastiki imelegea, sensa inainama chini kidogo, basi inasoma ardhi, unarudi nyuma uwanja mtupu inalia tu. Nimeizungushia mpira mwembamba ikatulia. Mvua ikinyesha zililia ovyo zikiwa zote nne, za zamani hazifanyi hivyo. Na zinachelewa, boksi la kujaribia nililoliweka nyuma ya gari, sensa za zamani ziliona kwenye mita moja na nusu, hizi mpaka nifike kama mita moja na robo. Kwa hiyo sasa natembea na tatu za zamani na kopi moja, na kama unapata ya zamani iliyotolewa kwenye gari ya aina yako, yenye namba ileile mgongoni, chukua hiyo kabla ya hizi.

Rangi pia, ukipaka ziwe kama bampa, paka nyembamba sana, rangi nzito inauzuia ule uso kutetemeka na utarudi kulekule.

Na wewe ambaye gari yako hailii kabisa, hata huo mlio mrefu hamna, kwanza angalia taa ya rivasi inawaka? Haiwaki, basi ni swichi ya rivasi au fyuzi, sensa hazijapewa hata taarifa. Inawaka, angalia spika ndogo ya mlio. Bampa usiiguse bado.