Programu za sataranji: kinachostahili kulipiwa na kisichostahili
Anayeingia sokoni leo kutafuta programu ya sataranji hukuta jambo la ajabu kidogo, kwamba kilicho bora kuliko vyote hakiuzwi. Stockfish, injini (yaani programu inayokokotoa hatua bora ya kucheza) iliyozaliwa mwaka 2008 na ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, hupakuliwa bure, na hata ikiwa kwenye simu ya kawaida inamshinda bingwa wa dunia bila jasho. Kwa hiyo ChessBase, programu ya kulipia kutoka Hamburg, Ujerumani, haiwezi tena kupimwa kwa ukali wa injini, bali kwa namna inavyohifadhi, inavyopanga na inavyotafuta michezo iliyokwisha kuchezwa.

Kwa kipimo hicho, inastahili sifa. Tuseme unataka kujifunza hatua ya mwisho ya mchezo ambapo kila upande umebaki na ngome moja, askari wanne wakipambana na watatu, wote upande mmoja wa ubao. Unaeleza kete hizo katika dirisha la utafutaji, unaagiza wachezaji wote wawili wawe na zaidi ya pointi 2400 za kiwango cha uchezaji, yaani wawe wachezaji wa ngazi ya juu, na baada ya muda mfupi unaletewa michezo halisi, kila mmoja ukifunguka palepale hali hiyo ilipoanza. Mwalimu anayeandaa somo, au mchezaji anayemchunguza mpinzani wa kesho, atapata thamani ya fedha yake hapo.

Ugumu uko kwenye hesabu. Mega Database, hazina yenye michezo zaidi ya milioni 10, ina bei yake, ama ikinunuliwa peke yake ama ndani ya kifurushi kinachopandisha gharama, na kila mwaka hutoka nyingine. Fritz, ya kampuni hiyohiyo, inalenga zaidi kucheza na kufanya mazoezi, lakini uchambuzi wake unaingiliana na wa ChessBase kiasi kwamba sioni sababu ya mtu mmoja kuzinunua zote mbili. Tena ChessBase ni ya Windows, na mwenye Mac ajiandae kwa usumbufu.

Kuhusu kulipia toleo jipya, msimamo wangu ni mkali zaidi. Itifaki ya UCI, iliyotoka mwaka 2000, huiwezesha injini yoyote inayoifuata kufanya kazi ndani ya programu yoyote inayoikubali, hivyo toleo ulilonunua zamani linaweza kubeba Stockfish ya leo bila malipo mengine. Ukitajiwa injini kali kuwa sababu ya kuhama, funga pochi. (Fat Fritz 2, iliyouzwa mwaka 2021, ilijengwa juu ya Stockfish yenyewe, waundaji wa Stockfish waliishtaki ChessBase kwa kukiuka leseni, na pande hizo zikapatana Novemba 2022.) Lipa tu ikiwa utafutaji umeboreshwa kwa namna utakayoitumia kweli.

Mchezaji wa kawaida wa klabu anaweza kutumia Scid, programu ya kuhifadhi michezo, au Lichess, tovuti ya sataranji, zote za bure, akachambua michezo yake mwaka mzima asikwame. Atakachokosa ni michezo zaidi ya laki moja ya Mega Database iliyofafanuliwa na mabingwa, nayo haichakai: toleo la miaka michache iliyopita, likiongezewa faili za michezo mipya ambazo The Week in Chess, jarida la kila wiki la mtandaoni, imekuwa ikizitoa bure tangu mwaka 1994, linamtosha.