Paketi ya ORS ya lita moja kwa mtoto anayetapika: dawa ni nzuri, kipimo ndicho kinachoharibika

Hukumu ije mwanzo, maana mwenye mtoto anayetapika saa nane za usiku hana muda wa kusoma mpaka chini. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, hakuna kitu dukani kinachoishinda paketi ya kawaida ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini), ile isiyo na rangi wala ladha ya matunda. Ikimshinda mtoto, mara nyingi kosa ni la chupa iliyochanganyiwa au haraka ya anayenywesha.

Geuza paketi usome uzito. Ya lita moja inatakiwa iwe gramu 20.5: chumvi 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti 2.9. Ukikuta gramu 27.9, hiyo ni fomula ya zamani, yenye chumvi na sukari nyingi zaidi. Hii ya sasa ilitolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mojawapo ya faida zake ni kwamba watoto huitapika kidogo kuliko ile. Glukosi haikutiwa kwa ajili ya utamu. Ndiyo inayoivuta chumvi kupita kwenye ukuta wa utumbo, na chumvi ikipita maji huifuata, hata utumbo ukiwa mgonjwa. Ndiyo maana maji matupu hayafanyi kazi ile ile.

Sasa chupa. Paketi inataka lita moja kamili, na chupa tulizonazo majumbani ni za nusu lita, za lita moja na za lita moja na nusu. Ukiitia yote kwenye lita na nusu, chumvi inapungua kwa theluthi na mtoto anakunywa maji matamu tu. Ukiitia yote kwenye nusu lita, chumvi inakuwa maradufu, na hilo ni baya zaidi: chumvi hupanda kwenye damu, mtoto akazidi kiu na hata kupata degedege. Kugawa unga nusu kwa kukadiria kwa jicho nako hakufai. Fungua paketi yote, tia yote, maji lita moja. Kama lita inaonekana nyingi kwa mtoto mmoja, ni kweli ni nyingi, na hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya bidhaa hii. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Maji yachemshwe na yapoe kwanza. Usichemshe tena ukishachanganya, wala usiongeze sukari ili mtoto apende.

Kasoro ya pili ni unyevu wetu wa pwani. Paketi iliyokaa dukani masika nzima huweza kuganda. Unga ulioganda ukivunjika na kuyeyuka wote, hauna neno. Ukiwa umegeuka rangi ya kahawia au hauyeyuki, rudisha.

Kunywesha ndipo watu wanapoanguka. Mtoto ana kiu, anashika bilauri kwa mikono miwili, anakunywa yote kwa mkupuo, dakika mbili baadaye yote yako sakafuni, na mama anasema dawa haikai. Tumbo lililochafuka halipokei bilauri, linapokea kijiko. Chukua kijiko cha chai au bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, mpe mililita 5 kila dakika moja au mbili. Inaonekana kidogo mno, lakini piga hesabu: kijiko kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa, yaani zaidi ya nusu bilauri. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu. Akitulia ongeza kidogo kidogo. Kama anaharisha pia, aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, aliyezidi hapo 100 hadi 200. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayeikataa ladha, jaribu ya baridi, au igandishe kama zile barafu za mifuko alambe.

Vipaketi vidogo vyenye ladha, vya mililita 200, vinaondoa tatizo la lita, ila soma kipimo cha maji upya, maana si vyote vinalingana. Dafu tunalipenda wote, lakini lina potasiamu nyingi na chumvi chache. Si badala ya ORS. Soda na juisi za paketi ziacheni kabisa: sukari yao huvuta maji kuingia utumboni, na kuharisha kukazidi. Paketi ikikosekana usiku, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu, kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa. Hakuna potasiamu humo, basi paketi ifuatwe asubuhi.

Muuzaji akikupa zinki pamoja na ORS, ni sahihi kama mtoto anaharisha: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, kwa aliyetimiza miezi sita. Akikupa dawa ya kufunga choo, mrudishie. Ya kuzuia kutapika aamue daktari.

Yako mambo ambayo paketi haiyawezi. Macho yaliyodidimia, utosi ulioingia ndani, kulia bila machozi, nepi kavu saa sita na zaidi, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ukiifinya, matapishi ya kijani au yenye damu, mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa kitu: hapo ni hospitali mara moja. Beba chupa uliyochanganya. Kama anaweza kumeza, endelea na kijiko kwenye daladala, na kwa wanaotoka visiwani, ndani ya boti.