Maktaba ya jengo au maktaba ya ngamia?

Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina kile ambacho kijana wa mjini hukosa nyumbani: meza, mwanga na utulivu. Lakini tazama kinachosomwa. Vijana wengi huingia na madaftari yao kujiandaa kwa mitihani. Riwaya hubaki rafuni. Mitihani ikiisha, nao hawaonekani tena.

Kule Garissa, Kenya, huduma ya maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia. Mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Mikeka hutandikwa, watoto wa wafugaji wakachagua, wakaazima, kisha wakabadilisha msafara unaporudi. Vitabu ni vichache, ndiyo, na ukame ukihamisha familia, vingine huhama nazo. Hata hivyo mtoto pale huchagua hadithi kwa hiari yake, na upendo wa kusoma huanzia hapo.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, ningechagua jengo. Kwa anayeanza kusoma, ngamia, tena bila kusita. Na maktaba za mijini zinaweza kuiga jambo hili sasa hivi: masanduku ya riwaya yazungushwe mashuleni, yabadilishwe kila baada ya wiki chache.