Mothabodi na kipoza cha kuovakloki kwenye joto la Dar na Mombasa: nunua hiki, acha kile

Vipimo vingi vya vipoza unavyovikuta mtandaoni vimefanywa kwenye vyumba vyenye nyuzi 20 hadi 23. Chumba cha Temeke au Likoni mwezi wa Februari, mchana, kinakaribia nyuzi 32. Kipoza hakiishushi prosesa hadi namba fulani. Kinachofanya ni kuizuia isipande kupita kiasi fulani juu ya joto la chumba. Mpimaji wa London akiandika nyuzi 72, wewe jiandae kwa 82. Nyuzi hizo kumi ndizo ulizotegemea kuzitumia kuovakloki, yaani kupandisha kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani, nazo zimekwisha kabla hujafungua BIOS, ile programu ya mipangilio iliyomo ndani ya mothabodi. Ndiyo maana orodha yangu haifanani na za tovuti za Ulaya: bidhaa ni zilezile, hesabu ya joto ni yetu.

Tuwekane sawa pia kuhusu faida. Mwaka 2011 Core i5-2500K ya Intel iliuzwa ikiwa na 3.3 GHz, na watu wengi waliifikisha 4.5. Siku hizi kiwanda chenyewe kinaisukuma prosesa hadi karibu na ukomo, kwa hiyo kilichobaki kwa mnunuzi ni kidogo na kina gharama yake. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka sambamba na kasi, na pia sambamba na kipeo cha pili cha volti. Tuseme umeitoa Ryzen 5 5600, prosesa ya AMD, kwenye 4.4 GHz ukaipeleka 4.7, na ili itulie ukapandisha volti kutoka 1.20 hadi 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 7 hivi, joto asilimia 35. Anayerenda video, yaani anayeiachia kompyuta izikamilishe ziwe faili la mwisho, au kucheza michezo inayoitegemea sana prosesa ataiona tofauti. Anayeandika ripoti na kuangalia filamu hataiona, na fedha yake afadhali iende kwenye RAM au SSD.

Anza na bodi

Bodi inatangulia kwa sababu ziko zinazokataa kabisa. Upande wa Intel unahitaji vitu viwili kwa pamoja: prosesa yenye herufi K au KF mwishoni, na bodi yenye chipseti (chipu inayoamua bodi inaruhusu nini) ya Z, yaani Z690, Z790 au Z890. B760 itakuruhusu kupandisha kasi ya RAM, basi. Upande wa AMD karibu kila Ryzen iko wazi, ila chipseti za A320, A520, A620 na B840 zimefungwa. Tafuta B550 au X570 kwa soketi (tundu la prosesa) ya AM4, na B650 au B850 kwa AM5. Ryzen 7 5800X3D nayo kasi yake imefungwa hata ukiiweka kwenye bodi ghali kuliko zote.

Mashine za ofisi zilizotumika, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, zitoe akilini kama lengo ni hili. Ni mashine nzuri kwa bei yake, lakini BIOS zake hazina mipangilio hiyo, pawa saplai zake nyingi zina plagi zisizoingiliana na bodi nyingine, na ndani hakuna nafasi ya kipoza kirefu. Muuzaji akikuhakikishia kwamba inakubali, mwombe aiwashe akuonyeshe.

Bodi ikishakubali, kinachoipambanua ni VRM: ile sehemu inayoizunguka soketi, inayopokea volti 12 kutoka pawa saplai na kuzishusha hadi 1.2 au 1.3 zinazofaa prosesa. Volti zikishuka, ampea hupanda. Ryzen 7 5800X inaruhusiwa na kiwanda kuvuta wati 142. Kwa volti 1.25 hizo ni takriban ampea 110 zinazopita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha. Core i9-14900K, yenye ukomo wa wati 253, inakaribia ampea 200. Na VRM ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, wati 142 za prosesa huacha wati 15 hivi za joto juu ya bodi yenyewe, mahali ambapo kipoza chako hakifiki. VRM ikichemka sana, bodi huishusha kasi ya prosesa ili kujinusuru, na wewe utabaki unalilaumu feni.

Kwa hiyo ukiwa dukani usiishie kusoma boksi. Itazame bodi yenyewe. Je, juu ya VRM kuna alumini nzito, kushoto na juu ya soketi? Imefungwa kwa skrubu au imeshikizwa kwa pini za plastiki? Idadi ya fezi, yaani njia za umeme ndani ya VRM, nayo isikutie wazimu, kwani fezi 12 za kwenye tangazo zinaweza kuwa sita zilizopangwa mbilimbili. Bodi ambayo VRM yake iko uchi mwachie mwenye prosesa ya wati 65 asiyetaka kugusa chochote.

Nafasi ya kwanza naipa MSI B550-A Pro, au MAG B550 Tomahawk kama bei zimekaribiana. VRM zake zina nguvu kuliko Ryzen 5 5600 au Ryzen 7 5700X zitakavyowahi kuhitaji, na alumini yake ni ya kweli. Zina pia kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa yoyote kuwa kwenye soketi. Kitufe hicho ni muhimu kuliko kinavyoonekana: B550 zilitoka Juni 2020, Ryzen 5000 zikafuata Novemba, na bodi iliyokaa ghalani tangu wakati huo inaweza kukataa kuwaka na prosesa mpya. AM4 ni soketi ya tangu 2016 na haitapata makubwa tena, lakini RAM za DDR4 zimejaa kwenye maduka ya mitumba na prosesa zake hazina joto kali. Kwa bajeti za wengi wetu hapa ndipo fedha inapoleta faida kubwa zaidi.

Ya pili ni MSI MAG B650 Tomahawk WiFi, kwa mwenye uwezo wa kuingia AM5 na kununua DDR5. AMD imeahidi kuihudumia soketi hii hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo utabadilisha prosesa bila kubadilisha bodi. Ila ujue kwamba Ryzen 7000 zenye herufi X mwishoni zimesanifiwa kufika nyuzi 95 zikilemewa na kazi na kubaki hapohapo, na kwetu zitafika mapema. Dawa yake ni kupunguza volti kwa Curve Optimizer, mpangilio uliomo kwenye BIOS, badala ya kuziongeza. Prosesa ikipoa inapanda kasi yenyewe.

Ya tatu ni Z790 ya bei ya kati, mfano MSI Pro Z790-P, pamoja na Core i5-13600K au 14600K. Kwa kazi ni nzuri, lakini i5 hizo zinaruhusiwa kufika wati 181, na hizo ni nyingi kwa chumba kisicho na kiyoyozi. Tena mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa mno na kuharibika polepole. Marekebisho yalitolewa ndani ya BIOS mpya kuanzia Agosti mwaka huo, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Ukichukua ya kizazi hicho, sasisha BIOS kabla ya jambo lolote. Core i9-13900K au 14900K ya mtumba, ambayo hujui ilifanyishwa kazi gani na kwa BIOS ipi, usiinunue kwa bei yoyote.

Vipoza

Hapa sina kigugumizi: Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Ina minara miwili ya alumini, mabomba sita ya shaba, feni mbili za milimita 120, na kimo cha milimita 155. Marekani imekuwa ikiuzwa karibu dola 35, yaani kama theluthi ya bei ya Noctua NH-D15, na katika vipimo vingi zinaachana kwa nyuzi chache tu. Phantom Spirit 120 SE ya kampuni hiyohiyo ina mabomba saba. Yoyote utakayoipata kwanza, chukua.

Bei siyo sababu yangu kubwa. Feni za kipoza cha hewa husukuma upepo juu ya bodi pia, kwa hiyo VRM niliyoieleza hapo juu inapata sehemu yake. Ukifunga kipoza cha maji, upepo huo unahamia kwenye rejeta (bamba la mapezi linalopoza maji) iliyo juu au mbele ya kasha, na VRM inabaki kwenye hewa iliyotulia. Halafu, feni ya milimita 120 ikifa Mwanza au Kisumu utapata nyingine mjini siku hiyohiyo. Pampu ikifa, utakaa bila mashine ukisubiri mzigo kutoka nje. Pima tu mambo mawili kabla ya kulipa: nafasi iliyomo ndani ya kasha, kwa kuwa makasha mengi ya bei nafuu huishia karibu na milimita 155 au 160, na urefu wa RAM zako, kwa sababu feni ya mbele hukaa juu yake.

Cha pili ni Noctua NH-D15. Waustria hawa wanatoa dhamana ya miaka sita, na soketi mpya ikitoka hukutumia vifungio vyake bure ukiwa na risiti. Kwa anayerekodi sauti chumba kimoja na kompyuta, utulivu wake unastahili ile bei. Kimo chake ni milimita 165, hivyo kasha dogo lisahau.

Arctic Liquid Freezer III yenye rejeta ya milimita 360 ni ya tatu kwenye orodha hii, lakini ni ya kwanza kwa mwenye Core i9 au Ryzen 9 anayerenda kutwa nzima. Ina kifeni juu ya pampu kinachopuliza VRM, jambo ambalo wenzake wengi walilisahau, na rejeta yake ina unene wa milimita 38, hivyo hakikisha inaingia. Wanaohofia unyevu wa pwani wasihofu. Maji ya kipoza hiki hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, kwa hiyo umande hautokei. Kwa sababu hiyohiyo, maji hayakupi baridi ambayo chumba hakina.

DeepCool AK400 ni ya fedha ikiwa imebana: mnara mmoja, mabomba manne, inaitosha Ryzen 5 5600 iliyopandishwa kidogo. Vipoza vya maji vyenye rejeta moja ya milimita 120 na taa za rangi sivipi nafasi yoyote. Wraith Stealth inayokuja na prosesa itunze kama akiba.

Pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, chukua Arctic MX-4 au MX-6; tofauti kati ya pesti nzuri na nyingine nzuri ni nyuzi moja au mbili. Kasha lenye wavu mbele litakusaidia zaidi kuliko pesti ya bei mbaya. Vumbi la pwani likichanganyika na chumvi hunata kwenye mapezi, kwa hiyo lipulize kila baada ya miezi michache. UPS nayo iingize kwenye bajeti, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS bodi inaweza isiwake tena.

Ukinunua bodi ya mtumba, ya AM5 au ya Intel, pini ziko kwenye soketi na si kwenye prosesa. Fungua kifuniko, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, na tazama kama mistari ya pini imenyooka yote. Kisha iwashwe mbele yako ikiwa na RAM katika kila tundu, na BIOS ionyeshe RAM zote. Tundu moja likikosekana, dai punguzo kubwa au nenda duka la pili.