Povu la kusafishia AC ya gari: linaondoa harufu ipi?

Kopo la povu la kusafishia evaporeta (sehemu ya AC inayopoza hewa, ndani ya dashibodi) linafanya kazi vizuri, mradi harufu iwe ile ya soksi mbichi inayokuja mara tu ukiwasha AC. Hiyo ni kuvu inayoota kwenye mapezi ya evaporeta, vile vibati vyembamba vyenye unyevu. Zima AC, toa chujio la hewa ya ndani (Toyota nyingi huliweka nyuma ya droo ya dashibodi), ingiza mrija wa kopo kwenye mpira wa kutolea maji chini ya gari, puliza, subiri dakika 15. Maji ya kahawia yatadondoka. Yasipodondoka, mpira umeziba na povu litamwagikia zulia la abiria. Kisha washa feni kasi ya juu dakika 10, milango wazi. Ukirudisha chujio lile lile jeusi, umetupa hela.

Harufu tamu, na kioo cha mbele kuingia ukungu wenye mafuta? Hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini) inavuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Povu halisaidii. Harufu ya petroli: zima injini papo hapo, ita fundi.

Kasoro kubwa ya povu hili ni manukato makali, yanayoweza kuficha uvujaji kwa siku kadhaa.