Fremu ya Raleigh ya baba kwa fundi rangi wa magari, Mtwara mjini

Nianze na hela: shilingi 60,000 kwa fremu na uma, siku nne badala ya mbili alizoniahidi. Kwa macho, kazi safi sana. Ugomvi wangu naye ni thredi, ile mifereji ya skrubu, nitafika huko.

Baiskeli yenyewe ni ya marehemu baba, ile Raleigh nyeusi ya breki za vyuma. Alibebea magunia ya korosho Newala pikipiki bado hazijajaa. Kwetu Shangani ilikaa uani miaka, na upepo wa bahari wa huku mnaujua. Mabomba ya nyuma, jirani na gurudumu, kutu ilikuwa inabanduka kama magamba ya changu.

Fundi alitaka kuunguza rangi ya zamani kwa gesi. Nikakataa. Rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na risasi, moshi wake si wa kuvuta. Halafu fremu hizi hazikuchomelewa kama geti. Mabomba yamechomekwa kwenye soketi, yakashikwa kwa shaba. Basi tukasugua: brashi ya waya, msasa namba 80, kisha 240. Chuma kilipoanza kung'aa, kwenye maungio ukachungulia mstari mwembamba wa njano. Shaba yenyewe. Fundi akaita vijana wake waje waone.

Zile siku mbili za ziada simlaumu. Siku ya kupuliza iliamka na mvua, akagoma. Kwenye hewa ya unyevu, alisema, thina ikikauka haraka rangi inashika ukungu mweupe, hata uisugue vipi. Ni kweli kabisa, na wangapi wangepuliza tu wachukue hela? Jua lilipotulia akapiga praima, nyeusi mikono mitatu, kliya (vanishi angavu ya juu) miwili.

Sasa thredi. Nilimwambia alizibe kwa tambara tundu la ekseli ya pedali, rangi isiingie. "Mzee, hiyo inatoka tu." Haikutoka. Kikombe cha beringi, kinachofungwa humo kwa thredi, hakikuingia hata nusu mzunguko. Fundi baiskeli wa mtaani akataka kusafisha njia kwa kulazimisha kikombe cha baiskeli nyingine kwa spana, nikamshika mkono. Raleigh nyingi za zamani zina thredi 26 kwa inchi, wakati kipimo cha kawaida ni 24. Ukilazimisha hapo unakata chuma, rangi inabaki. Nimekaa kibarazani jioni mbili na mswaki, thina na shazia ya kushonea magunia, nakwangua mfereji mmoja mmoja. Nembo ya kichwa cha korongo ilisalimika kwa sababu niliibandua mwenyewe kabla.

Nyota tatu na nusu. Shemeji naye ana fremu ya kike, ya kijani. Nimemwambia asubiri mvua ziishe, ampelekee huyo huyo, ila matundu tutayaziba wenyewe kabla haijatoka nyumbani.